Sifa za Kocha Bora: Mtazamo Kutoka Gikomba

Kocha ni mtu anayebadilisha uwezo wa mwingine. Fasili hiyo fupi yatosha kumtenga na watu watatu wanaochanganywa naye mara kwa mara: meneja anayetafuta fedha za timu, shabiki mwenye sauti kubwa kando ya uwanja, na nyota mstaafu anayesimulia enzi zake. Mchezaji aliyekaa mikononi mwa kocha msimu mzima anapaswa kutoka akijua alichokuwa hakijui, akiweza alichokuwa hakiwezi, na akiwa bado na hamu ya mchezo. Ushindi huandamana na mambo hayo, lakini huweza pia kuja bila hayo. Timu ya watoto wa miaka 13 hutwaa kombe kwa sababu tu ina wavulana wawili waliowatangulia wenzao kubalehe, na kocha wao akasifiwa kwa kazi iliyofanywa na maumbile. Kwa hiyo, hasa katika michezo ya vijana, kombe ni ushahidi dhaifu wa ubora wa kocha.

Swali hili lina uzito wake katika mitaa inayolizunguka soko la Gikomba jijini Nairobi: Majengo ya Pumwani, Shauri Moyo, Muthurwa, Kamukunji, Ziwani na, mbele kidogo, Kaloleni na Makongeni. Hapa viwanja ni vichache, watoto ni wengi, na makocha wengi hufundisha bila mshahara. Hata hivyo vipaji vimetoka, tena vya kiwango cha dunia. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walilelewa Muthurwa, wakapitia Shule ya Upili ya Kamukunji. Mwaka 2010 Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na mnamo Novemba 7, 2012 Wanyama aliifungia Celtic bao la kichwa dhidi ya Barcelona. Walitoka katika nyumba ya wanamichezo, kwa maana baba yao, Noah Wanyama, aliichezea klabu ya AFC Leopards. Ziwani nako huchezwa mashindano ya Koth Biro, ambayo kwa miaka mingi yamewakutanisha wachezaji wa ligi kuu na vijana wa mtaani wakati ligi imepumzika. Mahali kama hapa, tofauti kati ya kocha mzuri na mbaya huonekana haraka kuliko kwenye akademia yenye nyasi, basi na daktari, kwa kuwa hakuna kingine cha kuificha.

Sharti la kwanza ni kuujua mchezo. Watu wengi huamini kwamba ujuzi huo hupatikana kwa kucheza, na kwamba asiyewahi kuvaa jezi ya klabu kubwa hana la kumfundisha mtu. Historia haiungi mkono imani hiyo. Arrigo Sacchi hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Kabla ya ukocha aliuza viatu, kazi isiyo ngeni Gikomba, kisha akaiongoza AC Milan kutwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. Bruda Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's bila kuwa na historia ya riadha. Kutoka mikononi mwake wametoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Kwa upande mwingine, Benjamin Ayimba alikuwa mchezaji mashuhuri wa raga kabla ya kuwa kocha, na mwezi Aprili 2016 aliiongoza Kenya kuishinda Fiji 30-7 katika fainali ya raga ya wachezaji saba huko Singapore. Kucheza kunamsaidia kocha kupata heshima ya wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo wachezaji humpima kwa jambo moja tu: wakifuata anachosema, je, mambo yanakwenda vizuri zaidi?

Habari za ufundi zenyewe leo hazina uhaba. Julius Yego alianza kujifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa kwenye intaneti, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia mjini Beijing kwa mtupo wa mita 92.72. Kisa chake hutajwa sana kama ushahidi kwamba kocha si lazima. Sehemu ya pili ya kisa hicho husahaulika: kabla ya ubingwa huo alipata ufadhili wa kwenda kufanya mazoezi Kuortane, Finland, chini ya kocha Petteri Piironen. Video ilimwonyesha jinsi mtupo mzuri unavyoonekana. Haikuweza kumwambia mtupo wake yeye ulikuwa na kasoro gani asubuhi ile. Thamani ya kocha imo katika jicho hilo linalomtazama mtu mmoja, siku moja, katika tendo moja.

Jicho bila ulimi halitoshi. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa pembeni ya uwanja wa Chuo Kikuu cha UCLA wakihesabu kila neno na tendo la John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu aliyeshinda ubingwa wa vyuo vikuu mara 10 katika misimu 12. Waliandika matendo zaidi ya 2,300. Takriban robo tatu yalibeba maelezo: fanya nini, fanya vipi, ulifanya vipi ikawa kosa. Sifa hazikufika asilimia 7, na karipio halikuzidi sifa. Matokeo hayo yanafaa kuwekwa mbele ya kila kocha anayedhani kwamba kazi yake ni kuwapa wachezaji moyo au kuwatia hofu. Winga anapopokea mpira akiwa amelipa lango mgongo na kupokonywa, kocha anayepiga kelele “Geuka!” hajamwambia lolote, kwa kuwa mchezaji mwenyewe anajua kwamba alipaswa kugeuka. Kocha anayemwambia “Tazama nyuma ya bega kabla mpira haujakufikia” amempa kitu cha kufanya mara ijayo. Tena amempa kimoja. Mtu aliyetajiwa makosa manne kwa mkupuo hurudi uwanjani akiwa na wasiwasi mara nne na suluhisho hata moja hana.

Namna ya kupanga mazoezi nayo ni sehemu ya ufundishaji. Picha ya kawaida katika viwanja vya Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, ni watoto 40 na mipira miwili. Kocha asiyejiandaa huwapanga foleni mbili wapige mashuti langoni, na kila mtoto hugusa mpira mara chache katika saa nzima. Kocha aliyefikiri hugawa uwanja kwa mawe au viatu kuukuu, akaanzisha mechi ndogo za wanne kwa wanne, na wanaosubiri akawapa kazi ya kuhesabu pasi au kuamua. Kama mpira hautoshi, hata ule wa karatasi na kamba utafaa kwa mchezo wa kumkimbia mtu na kumhadaa. Wembamba wa viwanja una faida yake: vijana wa hapa hujua kuficha mpira na kutoka kwenye msongamano. Una hasara pia, maana pasi ndefu, krosi na kuruka kupiga kichwa havifundishiki mahali ambapo mpira ukipigwa kwa nguvu unaangukia kwenye vibanda. Kocha anayeijua hasara hiyo hutafuta kiwanja kikubwa walau mara moja kwa wiki, hata kama ni kutembea hadi Kamukunji alfajiri, na siku hiyo hafundishi kingine ila mambo ya umbali.

Hapo ndipo wengi huishia wanapoeleza ukocha: ujuzi na ufundishaji. Kwa mchezaji anayeishi kwa soko, hesabu hiyo ina pengo kubwa katikati.

Gikomba huamka kabla ya jua. Wanunuzi wa mitumba hufika gizani ili wawe wa kwanza marobota yanapofunguliwa, wachague nguo za daraja la juu ambazo sokoni huitwa “kamera”. Robota la kawaida lina uzito wa kilo 45 hivi. Vijana hulibeba mgongoni au kulisukuma kwa mkokoteni kupitia vichochoro vyenye matope, na wengi wa vijana hao ndio mabeki na viungo wanaotarajiwa mazoezini saa kumi jioni. Wengine wanasoma shule, lakini Jumamosi na likizoni husaidia kwenye meza ya mama au shangazi tangu alfajiri. Mwili hautofautishi uchovu wa sokoni na ule wa uwanjani. Misuli ya mgongo iliyobeba robota ni ileile inayotakiwa kumzuia mshambulizi.

Sayansi ya michezo ina njia rahisi ya kupima jambo hili, isiyohitaji kifaa chochote. Mchezaji huulizwa, kwa kipimo cha 0 hadi 10, zoezi lilikuwa zito kiasi gani, kisha jibu huzidishwa kwa dakika. Njia hiyo, iliyoenezwa na mtafiti Mmarekani Carl Foster, hutumiwa hata na klabu tajiri kwa sababu inafanya kazi. Tuseme kijana amefanya mazoezi ya dakika 90 akayapa uzito wa 7: jumla ni 630. Asubuhi ya siku ileile amebeba mizigo kwa saa tatu, kazi anayoipa 6: dakika 180 mara 6 ni 1,080. Soko limemtwisha karibu mara mbili ya kile kocha alichompangia. Kocha anayeandika mazoezi yake peke yake kwenye daftari ataona mchezaji mvivu asiyekimbia. Kocha anayeandika yote mawili ataona mchezaji aliyechoka, na siku hiyo atambadilishia kazi: afanye mipira ya adhabu, apangwe kwenye mazoezi ya kujipanga na kusoma mchezo, arudi nyumbani mapema.

Kwa hiyo kujua maisha ya mchezaji ni sehemu ya ufundi wenyewe. Mara nyingi jambo hili huelezwa kwa lugha ya huruma, kana kwamba kocha mwema huongeza upendo juu ya kazi yake halisi. Huruma ni nzuri, lakini hoja ni nzito kuliko hiyo. Kocha asiyejua mchezaji wake amekula nini, amelala saa ngapi na ameamkia wapi hana data ya kufanyia uamuzi. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Katika chumba kimoja cha familia ya watu sita, karibu na soko linaloamka saa kumi usiku, saa hizo hazipatikani. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi tu tangu asubuhi hawezi kukimbizwa mbio fupi kumi na kutarajiwa aimarike. Anaweza tu kuzimaliza, na kumaliza si kuimarika. Klabu iliyo na shilingi chache za kutumia inafaa kufikiria sufuria la uji au githeri baada ya mazoezi kabla ya kununua jezi mpya.

Kalenda ya mtaa nayo ina nafasi yake. Majengo na Pumwani ni makazi ya Waislamu wengi tangu Nairobi ya kikoloni, na mwezi wa Ramadhani hugeuza ratiba yote. Kocha mwenye busara hupunguza nguvu za mazoezi ya jioni, au huyahamishia baada ya futari penye taa, na mchezaji anayefunga haambiwi achague kati ya timu na dini yake. Misimu ya shule, wiki za mitihani na mvua za masika huingizwa kwenye mpango mwaka unapoanza. Yapo na yasiyopangika. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15. Baada ya moto, mchezaji ambaye meza ya mama yake imegeuka majivu hukosa mazoezi kwa wiki kadhaa. Kumfuta kikosini kwa utoro, kwa sababu sheria ni sheria, ni kupoteza mtu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mfano uliokomaa zaidi wa kuuingiza mtaa mzima katika ukocha upo kaskazini tu ya hapa. Mathare Youth Sports Association, MYSA, ilianzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada. Timu zake hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, mbali na zile za uwanjani, na mbali na kadi nyekundu na ya manjano kulikuwa na ya kijani, iliyopewa mchezaji mwenye mwenendo bora. Vijana waliojitolea kufundisha wadogo zao na kusimamia ligi walijikusanyia alama zilizowasaidia kulipiwa karo. Nguvu ya mpango huo ni kwamba haukusubiri apatikane kocha mwenye moyo wa ajabu. Uliweka taratibu ambazo hata kocha wa kawaida akizifuata anafanya kazi nzuri.

Mamlaka ya kocha ni suala linalozua mabishano mengi. Wapo wanaosema kwamba kijana wa Eastlands haelewi lugha laini, na kwamba kofi moja hunyoosha mambo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kupigwa, na hilo peke yake linatosha kufunga mjadala wa kisheria. Mjadala wa kiufundi nao hauchukui muda. Mchezaji anayeogopa kupigwa hucheza pasi ya nyuma. Hajaribu kumpita mtu, haombi mpira timu ikiwa nyuma bao moja, wala hasemi kwamba goti linamuuma. Kukimbizwa mizunguko kama adhabu kuna dosari yake pia, kwa kuwa humfundisha kijana kuona mbio kama mateso, katika mchezo ambao mbio ndizo msingi. Kocha mkali anaweza kuwa kocha mzuri kabisa ikiwa ukali wake unaangukia jambo lenyewe: kuchelewa, kutosikiliza, kumcheka mwenzako aliyekosea. Kinachowavunja wachezaji moyo kuliko ukali ni upendeleo. Wanajua vizuri nani anapangwa kwa sababu ni mpwa wa mwenyekiti.

Wazazi nao ni sehemu ya mamlaka hayo. Mama anayeuza viatu Gikomba hamwachii mwanawe saa tatu za jioni kwa sababu mtu fulani amesema ana kipaji. Kocha humfuata kwenye meza yake, humsalimu, humwita kwa jina la mwanawe kama wanavyomwita majirani, na humweleza mtoto atafika nyumbani saa ngapi na nani atamsindikiza. Mazungumzo ya namna hiyo, yakirudiwa kila muhula, huokoa wachezaji wengi kuliko hotuba yoyote ya chumba cha kubadilishia nguo.

Kwa wasichana, masharti hayo hayo yana uzito maradufu. Mazoezi yanayokwisha gizani huwaondoa bila mtu kutamka neno. Kukosa choo na mahali pa kubadilishia nguo huwaondoa pia. Pale ambapo mambo haya yalitengenezwa, matokeo yameonekana. Klabu ya ndondi ya Boxgirls ya Kariobangi ilimlea Elizabeth Andiego, bondia wa kwanza mwanamke wa Kenya kushiriki Olimpiki, London mwaka 2012, na Christine Ongare, aliyeshinda shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast mwaka 2018. Katika soka, kocha Mildred Cheche aliwaongoza wasichana wa chini ya miaka 17 hadi Kombe la Dunia la 2024 katika Jamhuri ya Dominika, mara ya kwanza kwa timu yoyote ya soka ya Kenya kufika fainali za FIFA za kiwango hicho, na wakaishinda Meksiko 2-1. Mtu mzima mwenye mamlaka juu ya watoto lazima pia awekewe mipaka isiyotegemea sifa zake: asibaki peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa, ujumbe wa simu upitie kundi ambalo wazazi wamo, safari za mechi ziwe na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke. Kocha mwadilifu hachukizwi na sheria hizi, maana zinamlinda yeye pia. Anayezikataa kwa hoja kwamba anajulikana na kila mtu anapaswa kutazamwa kwa makini.

Usalama wa mwili ndipo uamuzi wa kocha unapoweza kugharimu uhai. Kumbi za Eastlands zimefundisha ndondi kwa vizazi, na kilele cha mchezo huo nchini ni Robert Wangila, kijana wa Nairobi aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988 kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani. Hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Mwezi Julai 1994, huko Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake dhidi ya David Gonzales. Wangila alilalamika kwamba angeweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alizirai, na siku mbili baada ya pambano akafariki, akiwa na umri wa miaka 26. Kisa hicho kinaonyesha kwamba neno la mchezaji mwenyewe, hata bingwa wa Olimpiki, si kipimo cha usalama wake. Bondia amefundishwa kukataa maumivu. Ubongo ulioumia ndio unaoulizwa kama umeumia. Kwa hiyo kurusha taulo ni kazi ya kona, yaani makocha wake, na kona inayosubiri bondia aombe kusimamishwa imeacha kazi yake. Kanuni hiyo inahusu soka na raga vilevile. Aliyegongwa kichwa akayumba, akasahau matokeo au akaona giza hutolewa siku hiyo na harudi, hata kama ni nusu fainali na wachezaji wa akiba wamekwisha.

Fedha huingia hata mahali pasipo na fedha. Makocha wengi wa mitaani huuza bidhaa mchana na kufundisha jioni, na nauli ya kwenda mechini hutoka mifukoni mwao. Klabu isiyompa kocha hata nauli inamwandalia majaribu. Yapo mengi: kupunguza umri wa mchezaji kwa cheti cha mtu mwingine, kupokea “kitu kidogo” kutoka kwa wakala, kupanga matokeo. Mwaka 2021 FIFA iliiondoa klabu ya Zoo kwenye ligi kuu ya Kenya kwa upangaji wa matokeo, na wachezaji waliokuwa na njaa ya kucheza wakabaki bila timu. Kocha anayedanganya umri huona anamsaidia kijana. Kumbe amempanga na watoto asiojifunza chochote kutoka kwao, na amemfunga kwa uongo atakaoubeba hadi uwanja wa ndege.

Ipo fedha halali ambayo mitaa huipoteza kwa uzembe wa makaratasi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka anapotimiza umri wa miaka 12 hadi ule anapotimiza 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila mmoja una robo ya asilimia moja. Inayofuata ina nusu asilimia kila mmoja. Klabu iliyomlea kijana katika miaka hiyo minne ya kwanza, akauzwa kwa dola 1,000,000, inastahili dola 10,000, na hupata tena akiuzwa tena. Sharti ni kwamba klabu iwe imesajiliwa na mchezaji aandikishwe rasmi katika shirikisho la taifa. Timu nyingi za mitaani huwa na wachezaji waliojulikana kwa majina ya utani na orodha iliyopotea pamoja na simu ya kocha. Daftari la usajili, lenye majina kamili na tarehe, ni chombo cha ukocha sawa na filimbi.

Siku ya mechi inapewa umuhimu mkubwa kuliko inavyostahili. Kupanga kikosi, kubadilisha mfumo na kusema maneno machache wakati wa mapumziko kuna nafasi yake; Jacob “Ghost” Mulee aliiona timu ya taifa, Harambee Stars, ikifungwa na Mali na Senegal katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004, kisha akaituliza timu iliyokwisha kutolewa mpaka ikaishinda Burkina Faso 3-0, ushindi wa kwanza wa Kenya katika mashindano hayo. Lakini katika ngazi ya vijana, kocha anayepiga kelele dakika zote 90 akiwaelekeza wachezaji kila hatua anawanyima somo kuu la mechi, ambalo ni kuamua wenyewe.

Vyeti vinasaidia. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lina ngazi za leseni kuanzia D kupanda hadi A na ile ya juu kabisa ya Pro, na kozi hizo humpa kocha mpangilio wa mazoezi, huduma ya kwanza na lugha ya pamoja na wenzake. Ada yake ni kikwazo kwa mtu anayeishi kwa mauzo ya siku, na kaunti au mfadhili anayetaka kusaidia michezo Eastlands angefanya kazi kubwa zaidi kwa kuwalipia makocha 20 kozi ya kwanza kuliko kwa kuandaa mashindano ya wikendi moja yenye mabango. Cheti huonyesha kwamba mtu amefundishwa. Kama anafundisha vizuri, hilo huonekana uwanjani.

Viongozi wa klabu na wazazi wanaotaka kumpima kocha wana ishara za kutazama zisizohitaji utaalamu. Wangapi walioanza Januari bado wapo Novemba? Wachezaji wa akiba wanaimarika, au ni nyota watatu tu wanaozungumziwa? Majeraha yanajirudia kwa watu walewale? Kocha akichelewa, wachezaji huanza kupasha misuli moto wenyewe kwa mpangilio, au hukaa wakimsubiri? Anapotokea mchezaji aliyezidi kiwango cha timu, kocha humtafutia mahali pa juu zaidi au humng'ang'ania? Mariga alipita klabu za Ulinzi Stars, Tusker na Kenya Pipeline kabla ya kuondoka nchini, na safari ya namna hiyo haiwezekani bila watu wanaokubali kuachia. Ishara ya mwisho huchelewa kuonekana lakini hudumu kuliko zote, nayo ni makocha waliotoka kwa kocha huyo. Francis Kimanzi alikulia katika MYSA, akacheza, akafundishwa kufundisha, na mwaka 2008 akaiongoza Mathare United, timu iliyozaliwa na MYSA, kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya.